Teknolojia na lugha: Aina mpya ya herufi ikizaliwa, nani anaipa jina?

Mteja anaingia katika chumba cha kuchapisha maandishi, kile ambacho kwetu tunakiita « secrétariat public ». Inaweza kuwa Bukavu, Goma, Lubumbashi ama Kisangani. Mkononi ana fulashi yenye mwaliko wa harusi ulioandikwa kwenye kompyuta ya rafiki yake. Kule mwaliko ulikuwa mzuri: majina ya maarusi yamekaa kwenye mstari mmoja, herufi zimepinda kama za mkono. Hapa, kwenye mashine ya mchapaji, kila kitu kimeharibika. Jina la bibi harusi limekatika katikati, tarehe imeshuka hadi ukurasa wa pili, na herufi zenyewe si zile. Mteja anamtazama mchapaji kwa jicho la lawama.

Mchapaji hana kosa. Mara nyingi faili ya maandishi haibebi herufi zenyewe, inabeba jina lao tu. Kompyuta inasoma jina hilo na kulitafuta katika orodha yake. Ikilikosa, inachukua aina nyingine ya herufi iliyo karibu, na hapo mwaliko unaharibika. Kama ndani ya kompyuta kuna aina mbili tofauti zenye jina moja, mambo yanaweza kuharibika vilevile bila mtu kuelewa sababu.

Ndiyo maana wale wanaochora aina mpya za herufi husema kwamba kazi haijaisha hadi jina lipatikane. Mtu anaweza kutumia miaka mingi akichora « a », « g » na « R », kisha akakwama kwa sababu ya neno moja. Neno hilo ndilo litakalotafutwa na mashine, litauzwa dukani, litapelekwa mahakamani ikibidi. Na kwa sisi wazungumzaji wa Kiswahili, jambo hili halipo mbali. Neno letu moja tayari ni jina la aina ya herufi inayotumika duniani.

« Police » isiyovaa sare

Kwanza tuelewane juu ya neno. Katika vyumba vya kuchapisha mashariki mwa DRC, watu wengi husema « police », kwa kufuata Kifaransa. Wengine husema fonti. Vitabu vya Kiswahili hupendelea aina ya herufi. Vyote ni kitu kilekile: familia ya herufi, tarakimu na alama zilizochorwa kwa mtindo mmoja.

« Police » hii haina undugu na askari wa barabarani. Ni ndugu wa « police » ya bima, ile karatasi ya mkataba, na asili yake ni neno la Kiitaliano, polizza. Zamani, herufi zilipokuwa vipande vya risasi, mchapaji aliagiza vipande hivyo kiwandani kwa kufuata orodha: « e » ngapi, « a » ngapi, « z » ngapi. Orodha hiyo ndiyo iliyoitwa « police ». Baadaye jina la orodha likahamia kwenye herufi zenyewe.

Katika karne za mwanzo za uchapaji, herufi hazikuwa na majina ya kifahari. Zilijulikana kwa ukubwa wao ama kwa jina la fundi aliyezikata. Ndiyo maana hadi leo kompyuta ina Garamond, kwa kumkumbuka Mfaransa Claude Garamont wa karne ya 16, na Baskerville, kwa kumkumbuka Mwingereza John Baskerville wa karne ya 18. Palatino, iliyochorwa na Mjerumani Hermann Zapf, ilichukua jina la Giambattista Palatino, Mwitaliano aliyekuwa bingwa wa mwandiko wa mkono.

Kumbukumbu hiyo iliwaacha wengine nyuma. Mwaka 1996, mchoraji Zuzana Licko, akiwa Marekani, alitengeneza herufi zinazofuata zile za Baskerville. Badala ya kumtaja tena bwana huyo, alizipa jina Mrs Eaves. Sarah Eaves alikuwa mtunza nyumba wa Baskerville, kisha akawa mke wake mwaka 1764. Jina lake limefika kwenye kompyuta za watu zaidi ya miaka 200 baadaye, kwa uamuzi wa mwanamke mwenzake.

Nchi haiwezi kuwa jina la herufi

Mfano unaotajwa sana na watu wa kazi hii unatoka Uswisi. Mwaka 1957, kiwanda cha herufi cha Haas, huko Münchenstein karibu na Basel, kilitoa aina mpya iliyochorwa na Max Miedinger chini ya uongozi wa mkurugenzi Eduard Hoffmann. Iliitwa Neue Haas Grotesk. Kwa Kijerumani jina hilo linaeleweka: ni Grotesk mpya ya Haas, na Grotesk ni jina la ukoo mzima wa herufi zisizo na vijiguu. Ila kwa mnunuzi wa Paris, London ama New York, jina hilo lilikuwa zito mdomoni.

Kampuni ya Stempel ya Ujerumani, iliyotaka kuiuza kwenye masoko ya nje, ilitaka jina jepesi. Ikapendekeza Helvetia, jina la Kilatini la nchi ya Uswisi. Hoffmann alikataa. Kwake, herufi haziwezi kubeba jina la nchi. Akapendekeza kugeuza mwisho wa neno ili limaanishe « ya Kiswisi »: Helvetica. Mwaka 1960 jina jipya likaanza kutumika, na herufi hizo zikaenea duniani kote, kwenye vibao vya barabara, matangazo na fomu za serikali. Michoro ilibaki ileile. Aliyebadilika ni yule aliyeweza kulitamka jina.

Miaka hiyohiyo, huko Ufaransa, Adrian Frutiger, naye mzaliwa wa Uswisi, alikuwa na familia yake ya herufi iliyotoka mwaka 1957. Jina lililochaguliwa lilikuwa Univers, neno ambalo msomaji wa Kifaransa, Kiingereza ama Kijerumani hulielewa bila mkalimani. Baadaye Frutiger alichora herufi za vibao vya uwanja wa ndege wa Roissy, nje ya Paris. Zilipotolewa sokoni miaka ya 1970, zilipewa jina lake mwenyewe: Frutiger.

Mtoto, gazeti na mlima

Kompyuta zilipoingia nyumbani na ofisini, majina yakaanza kutoka sehemu zisizotarajiwa. Mwaka 1996, kampuni ya Microsoft ilitoa aina mbili zilizochorwa na Matthew Carter kwa ajili ya kusomwa kwenye skrini. Ya kwanza, Verdana, iliunganisha neno la Kiingereza lenye maana ya kijani kibichi na Ana, jina la binti mkubwa wa Virginia Howlett, aliyesimamia herufi katika kampuni hiyo. Ya pili, Georgia, ilitokana na kichwa cha habari cha gazeti la udaku kilichodai kwamba vichwa vya viumbe kutoka anga za mbali vimepatikana Georgia. Mzaha wa ofisini ukawa jina ambalo mamilioni ya watu hulisoma kila siku bila kujua limetoka wapi.

Calibri ina kisa chake. Katika kundi lake, majina ya herufi za Kilatini yote yalianza na C: Calibri, Cambria, Candara, Consolas, Constantia na Corbel, kwa sababu yalifuata jina la teknolojia ya kusafisha maandishi kwenye skrini, ClearType. Lucas de Groot, Mholanzi aliyechora Calibri, ameeleza kwamba yeye alikuwa amependekeza jina Clas. Mshauri wa lugha ya Kigiriki akawatahadharisha: kwa masikio ya Mgiriki, neno hilo linakaribia neno la kujamba. Likaachwa. Calibri ikawa herufi ya kawaida ya Microsoft Office kuanzia toleo la 2007.

Mrithi wake naye alibadilishwa jina kabla ya kupewa kiti. Mwaka 2021 Microsoft ilionyesha aina tano mpya, moja ikiwa Bierstadt ya Steve Matteson, iliyopewa jina la mlima wa Colorado. Mwaka 2023 kampuni ilitangaza kwamba hiyo ndiyo itakayochukua nafasi ya Calibri, ila itaitwa Aptos, jina la mji mdogo wa California. Ukifungua Word mpya leo na kuanza kuandika barua ya kuomba kazi, huenda unatumia Aptos bila kuichagua.

Faida moja ya Aptos inaonekana mara tu unapofungua orodha: inaanza na A. Programu nyingi hupanga aina za herufi kwa alfabeti, na mtu mwenye haraka hafiki mbali. Tena, programu nyingi huandika kila jina kwa herufi zake zenyewe. Jina hapo ni kama kitambaa kinachoning'inia mlangoni mwa duka la kitenge: mteja anakiona kabla hajaingia. Mchoraji mwenye « g » nzuri hatachagua jina lisilo na « g ».

Umbo huchukuliwa, jina hulindwa

Sababu nyingine ya jina kuwa na uzito ni sheria. Nchini Marekani, umbo la herufi halilindwi na haki ya mwandishi. Mahakama ya rufaa ilithibitisha hivyo mwaka 1978 katika kesi ya Eltra dhidi ya Ringer. Programu ya kompyuta inayozalisha herufi hizo inaweza kulindwa, na kuna njia ya hataza ya usanifu, lakini mchoro wa « a » wenyewe uko wazi kwa kiasi kikubwa. Jina ni jambo tofauti. Linaweza kusajiliwa kama alama ya biashara, na mwingine akilitumia anashtakiwa.

Matokeo yake ni soko lenye mapacha wengi wenye majina tofauti. Kampuni ya Bitstream iliuza herufi zinazofanana na Helvetica kwa jina la Swiss 721. Book Antiqua inafanana mno na Palatino. Arial, iliyotengenezwa mwaka 1982 na wachoraji wa Monotype, ina michoro yake, ila upana wa herufi zake ni sawa na ule wa Helvetica, ili moja iweze kukaa mahali pa nyingine bila mistari kuhama. Umbo lilivuka mpaka bila pasi, jina likabaki mpakani.

Hata katika ulimwengu wa programu huria, ambako watu hugawana kazi zao bure, jina ndilo linalofungwa kwa kufuli. Bitstream ilipotoa bure herufi zake za Vera, leseni iliruhusu kila mtu azibadilishe na kuzisambaza, kwa masharti, moja likiwa hili: toleo lililobadilishwa lisiwe na neno Bitstream wala Vera katika jina lake. Watu waliotaka kuongeza herufi za lugha nyingine wakafanya hivyo, na kazi yao wakaiita DejaVu. Msomaji wa Kifaransa anaelewa utani: ni kitu ambacho umekwisha kukiona.

Andika: neno letu kwenye orodha ya dunia

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Shirika la SIL, linalojulikana kwa kazi ya utafiti wa lugha, limetengeneza aina kadhaa za herufi zinazopatikana bure. Gentium ni neno la Kilatini lenye maana ya « ya mataifa ». Charis na Doulos ni ya Kigiriki: neema, na mtumwa. Ya nne inaitwa Andika.

Jina hilo ni Kiswahili chetu, amri ile ambayo kila mwanafunzi ameisikia kwa mwalimu. Aina hiyo ilichorwa kwa ajili ya watu wanaoanza kujifunza kusoma. « a » na « g » zake zina umbo rahisi, lile ambalo mtoto hulichora kwenye daftari, tofauti na zile za vitabu vingi. Herufi zinazofanana zimetenganishwa ili jicho changa lisichanganyikiwe. Tena ina alama za lugha nyingi zisizotosheka na alfabeti ya Kifaransa, zikiwemo ɛ na ɔ zinazotumiwa na wataalamu kuandika Lingala.

Kwa DRC hili si jambo dogo. Nchi ina lugha nne za taifa, Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, na nyingine nyingi za wenyeji. Anayejaribu kuandika baadhi ya lugha hizo pamoja na alama za toni anajua aibu ya kupata kijisanduku kitupu mahali pa herufi. Mafundi wa kompyuta hukiita kisanduku hicho tofu, kwa kuwa kinafanana na kipande cha chakula hicho cha soya. Google ilipoanzisha mradi wa herufi kwa mamia ya lugha, iliuita Noto, kwa kufupisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya « hakuna tofu tena ». Jina lenyewe ni ahadi kwa yule ambaye lugha yake ilikuwa haionekani.

Turudi kwa Andika, maana kuna jambo la kufikiria. Inatolewa chini ya leseni huria ambayo SIL yenyewe iliiandika. Unaweza kuipakua bila kulipa, kuchapisha nayo kitabu na kukiuza, kuifungua na kuongeza herufi inayokosekana katika lugha ya bibi yako. Lakini leseni hiyo inamruhusu mwenye kazi kuhifadhi jina, na jina Andika limehifadhiwa. Ukiibadilisha kisha ukaisambaza, huwezi kuiita Andika bila ruhusa. Mswahili wa Kalemie ama Uvira anayeiboresha kwa ajili ya shule za kwao atalazimika kuipa jina lingine, ingawa neno hilo alilinyonya pamoja na maziwa ya mama.

Mtu anaweza kukasirika. Tuangalie pande zote mbili. Neno andika lenyewe halijachukuliwa na yeyote. Linabaki kwenye midomo yetu, ubaoni na kwenye kamusi. Kilichofungwa ni matumizi yake kama jina la toleo lililobadilishwa la herufi hizo, na sababu yake tumeiona mwanzoni, kwenye mwaliko wa harusi. Kama kila mtu angesambaza Andika yake, mwalimu aliyetayarisha kitabu kwenye mashine moja angekikuta kimevurugika kwenye mashine nyingine, na kompyuta isingejua ipi ni ipi. Kufuli hilo linamlinda hata msomaji.

Hata hivyo swali linabaki. Maneno ya Kiafrika yanapendwa kwenye orodha hizi. Ubuntu, neno la lugha za kusini mwa Afrika juu ya utu wa mtu kati ya watu, ni jina la mfumo wa kompyuta na la aina ya herufi iliyotolewa mwaka 2010 na studio ya Dalton Maag ya London. Majina yetu yamefika. Wachoraji kutoka kwetu ndio ambao bado ni wachache kwenye orodha hiyo.

Kama ni yetu, tuiite nani?

Wakongomani hawahitaji kufundishwa uzito wa jina. Mwaka 1966 Léopoldville ikawa Kinshasa, Élisabethville ikawa Lubumbashi, Stanleyville ikawa Kisangani. Mwaka 1971 nchi yenyewe ikaitwa Zaire, mwaka uliofuata raia wakatakiwa kuacha majina yao ya kikristo, na mwaka 1997 jina Congo likarudi. Kuna wazee ambao vyeti vyao vina majina mawili kwa mtu mmoja.

Hata katika maandishi tuna mfano wa nyumbani. Mwaka 1978, huko Mbanza-Ngungu, Wabeladio Payi alianza kazi ya mfumo mpya wa kuandika, akisema maumbo yake ya msingi aliyaona katika mistari ya ukuta wa matofali. Mfumo huo unafundishwa hasa katika mazingira ya kanisa la Kimbanguiste. Haukuitwa kwa jina la mwanzilishi wala la mji. Unaitwa Mandombe, neno la Kikongo linalohusu mambo ya watu weusi. Wabeladio alifariki mwaka 2013, na jina bado linasema mfumo ulikusudiwa kwa nani.

Kijana wa Bukavu ama Likasi anayechora herufi zake leo kwenye kompyuta anaweza kufuata hatua chache. Kwanza, aandike jina analolitaka kwa herufi zake mwenyewe. « Kivu » ni tamu kwa sikio, lakini haina duara hata moja kama la o, a ama g, kwa hiyo inaficha nusu ya kazi. « Nyiragongo » inaonyesha mengi zaidi: mikia ya y na g, tumbo la a, duara la o. Ila ni jina la mlima ambao wakaaji wa Goma wanaukumbuka kwa moto, na si kila mtu atataka kuliona kwenye kadi ya harusi.

Pili, atafute kama jina lipo tayari, katika maduka ya herufi na katika rejista za alama za biashara. Tatu, awaulize watu wa lugha nyingine, kisa cha Clas kikiwa akilini. Nne, azingatie mashine. Jina la ndani la fonti halikubali nafasi wala herufi zenye alama, na halipaswi kuzidi vibambo 63. Programu za zamani za Windows hukubali vibambo 31 tu kwa jina la familia. Kwa hiyo hata fonti iliyotengenezwa ili kuandika ɛ na ɔ haiwezi kubeba herufi hizo katika jina lake la ndani. Kiswahili kina bahati hapo, kwani majina yake hupita bila shida. Tano, kama jina ni la kabila, la mahali patakatifu ama la mtu, aende kuuliza wenye nalo kabla ya kulisambaza.

Na yule mteja wa mwaliko? Dawa yake ni rahisi: kabla ya kutoka nyumbani, ahifadhi faili kama PDF, ambayo kwa kawaida hubeba herufi zenyewe ndani yake, ama aandike kwenye karatasi jina la « police » aliyotumia na kumpa mchapaji. Akifanya hivyo, jina la bibi harusi litabaki zima kwenye mstari wake.